Muulize Mwalimu wa Pwani: Ufukwe ukijazwa mchanga mpya, kasa atataga wapi?

Mwezi huu nimeyaweka kando maswali ya mwani na ya mvua, kwa sababu barua za mchanga zimezidi. Pwani inaliwa, wenye hoteli na nyumba wanataka kuirudisha kwa kumwaga mchanga, na wasomaji mnauliza kasa atafanyaje. Nimefundisha jiografia mpaka nikastaafu, na siku hizi alfajiri zangu nyingi ziko kwenye fukwe za kusini mwa Kigamboni pamoja na vijana wanaolinda viota. Jambo hili linanigusa, kwa hiyo baadhi ya majibu ni marefu.

*Shikamoo Bi Mwalimu. Mimi ni mtunza bustani kwenye hoteli moja huku kusini mwa Kigamboni. Kusi ya mwaka jana imekula ufukwe mpaka mizizi ya minazi iko nje. Bosi amepata mtu wa kuleta mchanga kwa matipa, mwekundu kidogo, wa kuchimbwa shimoni, kisha katapila lipite lisawazishe. Kwetu kasa hupanda kutaga. Nimwambie nini bosi nisije nikapoteza kazi?* (Msomaji, Kigamboni)

Marahaba, mwanangu. Anza na fedha yake, kasa watafuata. Mchanga mwekundu wa shimoni una udongo ndani yake. Bamvua la kwanza, yaani maji kujaa sana, litakapoufikia, udongo utatoka na kuyachafua maji ambayo wageni wake wamelipia kuogelea, na chembe ndogo zilizobaki zitaondoka na mawimbi ya kusi. Baada ya miezi michache atakuwa amelipia matipa na ufukwe hana.

Sasa kasa. Jike hupanda usiku, hupita alama ya maji kujaa, hufagia mchanga wa juu kwa mapezi ya mbele, kisha kwa mapezi ya nyuma huchimba shimo lenye umbo la chupa, shingo nyembamba na tumbo pana. Shimo la kasa wa kawaida, yule mkubwa anayekula nyasi za bahari, hufika sentimita 70 hivi na zaidi. La ng'amba, kasa mwingine mdogo kuliko huyo, ni fupi kuliko hilo, karibu nusu mita. Humo hutaga mayai mia moja na zaidi, hufukia, hurudi baharini, na hatayaona tena. Kuanzia hapo kazi yote ya ulezi ni ya mchanga. Kwa muda unaokaribia miezi miwili mayai yanavuta hewa kupitia nafasi zilizo kati ya chembe, na kadiri watoto wanavyokua ndani hewa inayohitajika inaongezeka. Wakishaangua hupanda juu wote kwa pamoja, siku kadhaa, wakikwangua mchanga wa juu yao ukaporomoka na wao wakaukanyaga.

Weka udongo kwenye hesabu hiyo uone. Ukikauka unakuwa mgumu, jike anachimba nusu, anachoka, anarudi baharini na mayai yake. Ukilowa unaziba hewa. Na ile rangi nyekundu inakusanya jua kuliko mchanga mweupe, kwa hiyo kiota kinapata joto zaidi. Hayo ya joto nimeyajibu chini kwa mwanafunzi wa Mafia, yasome.

Kuna jaribio la chupa unaloweza kulifanya mwenyewe bila kumgombanisha mtu. Chukua chupa mbili za maji zinazopitisha mwanga. Moja itie mchanga wa ufukwe wenu, uliouchota juu ya alama ya maji kujaa, mahali kasa anapochimba. Nyingine itie mchanga wa tipa. Jaza maji, tikisa sana, ziache zitulie mbele ya bosi. Ya kwanza itakuwa safi muda si mrefu. Ya pili ikibaki na maji ya rangi ya chai kwa masaa, huna haja ya kusema neno. Kule Florida, Marekani, ambako kazi hii imefanywa miaka mingi kuliko mahali pengi duniani, kanuni za jimbo hazikubali mchanga wa kujazia wenye chembe za tope zaidi ya asilimia 5. Mchanga lazima ufanane na ule wa asili kwa rangi na kwa ukubwa wa chembe.

Kuhusu katapila, mwombe asishindilie. Watu wa ujenzi wamezoea kwamba kazi nzuri ni ile iliyoshindiliwa ikawa ngumu, na hapa ni kinyume. Ufukwe pia usisawazishwe ukawa bapa, uteremke taratibu kuelekea majini kama ulivyokuwa.

Na wakati. Hapa pana ugumu ambao wenzetu wa Florida hawana. Wao wana majira ya baridi, kasa hawatagi, mafundi wanaingia ufukweni miezi hiyo na kuondoka kabla msimu haujaanza. Kwetu kasa hutaga karibu mwaka mzima, wengi zaidi kuanzia masika na kuingia miezi ya kusi, na ng'amba wana msimu wao wakati wa kaskazi. Mwezi mtupu kabisa hatuna. Kwa hiyo kabla ya tipa la kwanza ni lazima watu waupite ufukwe kila alfajiri kwa wiki kadhaa, viota vyote viwekwe alama, na kazi ikwepe vipande hivyo.

Mwisho, hili si jambo la kumalizana kati ya bosi na mwenye matipa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ufukweni, na kazi kama hii inapaswa kupita NEMC, baraza la taifa la mazingira, ifanyiwe tathmini. Usilibebe wewe mwenye kibarua. Kamati ya usimamizi wa fukwe ya eneo lenu ina haki ya kuuliza kibali kiko wapi, na wao hawawezi kufukuzwa kazi na hoteli.

*Bi Mwalimu, salamu kutoka Florida. Ninatunza wazee huku Palm Bay, na siku zangu za mapumziko huenda Melbourne Beach. Baridi iliyopita niliona mabomba makubwa yakitema mchanga na maji ufukweni usiku na mchana. Baadaye ikaja trekta yenye meno marefu ikaulima ufukwe kama shamba la mahindi. Kwa nini waulime mchanga walioumwaga wenyewe? Na kasa wanafaidika au wanaumia?* (Msomaji, Palm Bay)

Dada, umekaa mahali ambapo wengi tunaopenda kasa tungetamani kukaa hata msimu mmoja. Karibu asilimia 90 ya viota vyote vya duvi, aina ya kasa mwenye kichwa kikubwa, vinavyotagwa Marekani vimo Florida, na kusini ya hapo Melbourne Beach, kuelekea Wabasso, kuna hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1991 kwa jina la Archie Carr, profesa wa Chuo Kikuu cha Florida aliyetumia maisha yake kuwasoma kasa. Duvi anafika pwani yetu pia, lakini huku kwetu huja kula. Kutaga hutagia kwingine.

Trekta lile lilikuwa linamtengenezea jike njia ya kuchimba. Mchanga unaoletwa na upepo na mawimbi hukaa kidogo kidogo, umelegea. Ule wa bomba hutua pamoja na maji mengi, chembe zinajipanga zikabanana, kisha juu yake hupita mashine nzito. Unaweza kuwa mzuri kwa macho na miguu ya watalii, huku chini ukiwa mgumu. Ndiyo maana huko kabla ya msimu hupita watu na fimbo ya chuma yenye ncha ya umbo la pia na kipimo, wanaichoma ardhini. Kizingiti walichokizoea ni paundi 500 kwa inchi ya mraba, yaani kilo 35 hivi kwa sentimita moja ya mraba. Panapozidi hapo, panalimwa kwa kina kinachofikia urefu wa shimo la kasa.

Kitu kingine wanachokikagua ni kingo. Ufukwe uliojazwa hauko katika umbo ambalo bahari inalitaka, kwa hiyo mawimbi hulimega umbo hilo na kuacha ukuta wa mchanga uliosimama wima. Jike akikutana na ukuta huo usiku, ana mambo mawili: arudi, au atage hapo chini ambapo maji yatafika. Kanuni za huko zinataka ukingo unaozidi sentimita 45 kwenda juu, ukiwa mrefu mita 30, usawazishwe.

Umeuliza wanafaidika au wanaumia. Watafiti wamefuatilia fukwe za mashariki mwa Florida kabla na baada ya kujazwa, na picha inayojirudia ni hii: msimu wa kwanza majike wanapanda, lakini wengi zaidi kuliko kawaida wanarudi baharini bila kutaga. Msimu wa pili au wa tatu, mawimbi yakishaupanga upya mchanga na kulilainisha umbo la ufukwe, hali inarudi karibu na ilivyokuwa. Katika muda huo wa mwanzo viota vingi pia huzolewa, kwa sababu ufukwe umekuwa mpana, jike anaona ameshafika mbali na maji, anataga kwenye ile sehemu ya mbele ambayo ndiyo bahari itaimega kwanza. Siku hizi wahandisi wamejaribu kujenga mteremko wa chini na wa taratibu zaidi kwa ajili ya hili, na mimi naona hiyo ndiyo akili.

Na taa, dada, maana najua unafanya zamu za usiku. Ufukwe unapoinuliwa, taa za nyumba na barabara ambazo zilikuwa zimefichwa sasa zinaonekana kutoka kwenye kiota. Mtoto wa kasa anapotoka ardhini huelekea upande ulio na mwanga na ulio chini, ambao tangu zamani ulikuwa bahari. Taa nyeupe ya kibarazani inamvuta barabarani. Wazee unaowatunza wakikaa mbele ya bahari, funga mapazia usiku kuanzia Machi mpaka Oktoba, na kama taa ya nje ni ya lazima, iwe ya rangi ya kaharabu, ifunikwe, iangalie chini.

Nikipima yote, ningechagua mchanga kuliko ukuta wa zege huko uliko, kwa kuwa nyumba zimeshajengwa juu ya matuta na bahari haina pa kurudi. Ila mchanga wenyewe unakwisha. Miami, iliyojaza ufukwe wake kwa kiasi kikubwa sana miaka ya 1970, imefika mahali mchanga wa karibu baharini umeisha na sasa wanaleta kwa malori kutoka machimbo ya bara.

*Mwalimu, mimi ni mvuvi wa Kunduchi tangu ujana. Hoteli zimeweka vizuizi vya mawe vinavyoingia baharini, wengine wamejenga kuta, na bado bahari inakuja. Sasa nasikia dawa ni kumwaga mchanga. Kwani mchanga wetu ulikwenda wapi?* (Mzee, Kunduchi)

Mzee mwenzangu, swali lako ndilo lililopaswa kuulizwa kwanza kabla ya mengine yote, na nashukuru limetoka kwa mvuvi.

Wewe unaijua Hoteli ya Africana. Vijana hawaijui, kwa hiyo niwaambie: ilikuwa hoteli maarufu ya ufukwe huo wa Kunduchi, bahari ikala mchanga wa mbele yake mpaka ikaachwa. Wataalamu waliochunguza walielekeza kidole kwenye mito midogo, Tegeta, Mbezi na mingine ya pale. Mito hiyo ndiyo iliyokuwa ikishusha mchanga kutoka bara na kuumwaga pwani. Jiji lilipokua, mchanga ukachimbwa mitoni kwa ajili ya matofali na zege. Upepo wa kusi uliendelea kuusukuma mchanga wa ufukweni kwenda kaskazini kama ulivyofanya tangu enzi, lakini uliotakiwa kuja kuchukua nafasi yake ulikuwa umeshageuka nyumba za watu Sinza na Kinondoni.

Chanzo cha pili kipo ndani ya maji. Sehemu kubwa ya mchanga mweupe wa pwani yetu ni matumbawe na magamba yaliyosagika, na pono, samaki unayemvua kila siku, anayasaga kwa meno yake na kuyatoa yakiwa mchanga. Miamba pia ndiyo inayovunja mawimbi kabla hayajafika. Miaka ile ya kuvua kwa baruti, mzee, kila mlipuko ulipasua mwamba uliokuwa ukilinda ufukwe na kuutengenezea mchanga.

Vizuizi vya mawe vinakamata mchanga unaopita. Wa upande mmoja anapata ufukwe, wa upande wa pili anaupoteza, naye anajenga cha kwake, na hivyo hivyo mpaka mwisho wa ghuba. Ukuta unalinda kilicho nyuma yake. Ule uliojengwa upya Barabara ya Barack Obama umeilinda barabara, na hapo sina ubishi. Lakini wimbi likigonga ukuta hurudi na nguvu na kuuchota mchanga wa miguuni pake, na penye ukuta unaofikiwa na maji kujaa hakuna kasa atakayetaga. Atapanda, atagonga zege, atageuka.

Mchanga wa kumwaga hauna ubaya huo. Unampa jike mahali. Lakini kama mto umekatwa na mwamba umepasuliwa, mchanga huo utasukumwa na kusi kwenda kaskazini kama ulivyokwenda wa mwanzo, na baada ya miaka michache utahitajika mwingine. Marekani wanarudia, wanarudia, wana bajeti ya kurudia. Mimi nasema fedha ya kwanza iende kwenye kuzuia uchimbaji mitoni, hata kama haina picha nzuri ya kuzindulia.

Na kwa anayedhani kisiwa hakiwezi kuondoka, akakitazame Maziwe, nje ya Pangani. Kilikuwa na miti, mivinje, na kilikuwa moja ya sehemu muhimu kabisa za kutagia kasa katika pwani yetu, mpaka kigome, aina nyingine ya kasa, alikuwa akitaga hapo. Kilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1975. Miti ikakatwa, mchanga ukakosa cha kuushika, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 kisiwa hakikuwepo tena. Kimebaki fungu la mchanga linalotokeza maji yakipwa na kuzama yakijaa. Kasa hawajaacha kupanda hapo. Wanataga kwenye fungu ambalo maji ya saa chache baadaye yatalifunika, na kama si watu wa Ushongo kuyahamisha mayai kuja bara, yote yangekufa. Ningekuwa na uwezo ningewapeleka wanaopitisha vibali vya kukata mikoko na mivinje wakasimame pale maji yakianza kujaa.

*Shikamoo Mwalimu. Nasoma kidato cha tatu Kilindoni, Mafia. Tulikwenda Juani kuwaona watoto wa kasa wakitoka. Mtu mmoja alisema mchanga ndio unaoamua awe jike au dume. Ni kweli?* (Mwanafunzi, Mafia)

Marahaba, mjukuu wangu. Ni kweli, kwa maana ya joto la mchanga. Yai la kasa halina jinsia linapotagwa. Katikati ya muda wa kuatamia, joto la kiota likiwa karibu nyuzi 29 za Selisiasi, madume na majike hukaribia kulingana. Likizidi hapo majike wanaongezeka, na nyuzi chache tu zaidi zinatosha kutoa kiota cha majike watupu. Likishuka, madume. Na likipanda sana, kufika nyuzi 34 hivi na kukaa hapo, mayai yanakufa.

Sasa fikiria mchanga uliotoka kwingine. Ukiwa wa rangi nzito, kiota kinapata joto na majike wanazidi. Ukiwa mweupe sana inakuwa kinyume: kule Fisher Island, karibu na Miami, waliwahi kuweka mchanga mweupe wa chokaa kutoka Bahamas, na vipimo vikaonyesha ulikuwa wa baridi kuliko mchanga wa kawaida wa hapo. Mtu anaweza kusema vizuri, dunia inapata joto, tuwape mchanga mweupe. Mimi ningekwenda polepole. Kiota cha baridi huchukua siku nyingi zaidi ardhini, na kila siku ya ziada ni nafasi nyingine kwa kaa, siafu na bamvua. Huku kwetu kivuli cha mimea ya asili ya juu ya ufukwe kinatosha kupunguza joto, na hakihitaji meli.

Waambie wenzako darasani jambo moja: watoto mliowaona Juani, wakiokoka, hawatarudi kutaga mpaka wewe uwe mtu mzima mwenye watoto wako, maana kasa huchukua miaka 20, 30 na hata zaidi kukomaa. Ufukwe unaoharibiwa leo tutaujua hasara yake wakati huo.

*Bi Mwalimu, inasemwa kasa hurudi kutaga alikozaliwa. Ufukwe wake ukijazwa mchanga mgeni si atapotea?* (Msomaji, Tanga)

Hatapotea. Ushahidi mwingi unaonyesha kwamba anaongozwa na nguvu ya sumaku ya dunia, ambayo kila sehemu ya pwani ina kiwango chake, na hiyo haibadilishwi na tipa. Inamrudisha kwenye eneo. Akifika karibu anaangalia mengine: giza, mteremko, utulivu, na akishapanda, mchanga wenyewe. Ndiyo maana duvi wa Florida wanaendelea kupanda kwenye fukwe zilizojazwa hata msimu ule wa kwanza mbaya. Tatizo ni kwamba anapanda, anaukataa, anarudi, anajaribu tena usiku mwingine au kilomita kadhaa mbali, na kila jaribio linamla nguvu, naye anatakiwa atage mara kadhaa kwa msimu, kila baada ya wiki mbili hivi.

Umeuliza pia katika barua yako kama meli za kunyonya mchanga baharini huwameza kasa. Ndiyo, imetokea. Meli hizo huburuta kichwa cha chuma sakafuni mwa bahari, na kasa aliyelala chini huvutwa ndani. Katika mlango wa bandari ya Canaveral, Florida, vifo vya namna hiyo miaka ya 1980 ndivyo vilivyofanya vichwa hivyo viwekewe chuma cha mbele kinachomsukuma kasa pembeni, na waangalizi wapandishwe melini. Ikija meli kama hiyo Tanga au Dar, ulizeni kuhusu chuma hicho kabla haijaanza kazi.

*Hujambo Mwalimu. Niko Watamu. Jirani yetu anaanza kesho kutwa kumwaga mchanga mbele ya nyumba yake, na mimi nimeona alama za kasa hapo kama wiki mbili zilizopita. Naweza kuyachimbua mayai usiku nikayazika mbele ya kwetu?* (Msomaji, Watamu)

Usiyaguse, tafadhali. Yai la kasa likishapita saa chache tangu kutagwa, kiinitete hujishikiza upande wa juu wa ganda. Ukilizungusha baada ya hapo, hata kidogo, unaweza kukiua bila ganda kuonyesha lolote. Kwa wiki mbili umeshachelewa sana, na Sheria ya Wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 haikuruhusu hata kama nia yako ni njema. Waliopata mafunzo huhamisha mayai asubuhi ile ile ya kutagwa, tena pale tu kiota kilipo mahali ambapo maji yatakifikia.

Mchanga wa jirani nao hauwezi kumwagwa juu ya kiota. Nusu mita ya ziada inatosha kupunguza hewa, na watoto wakiangua watakuwa na safari ya juu wasiyo na nguvu nayo.

Una siku mbili, zinatosha. Wapigie KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, leo, na wapigie Local Ocean Conservation, ambao wanalinda viota hapo Watamu tangu 1997 na wanajua kukitafuta kiota bila kukidhuru. Mweleze na jirani kwa heshima. Huenda hajui kilichopo mbele ya ngazi zake, na si lazima aiache kazi yote, aache kipande hicho tu mpaka watoto watoke. Mpe hesabu: siku 45 hadi 65 tangu kutagwa, na wiki mbili kati ya hizo zimeshapita. Wakati unasubiri, simika vijiti pembeni, mbali kidogo na mahali unapodhani mayai yapo, ufunge kamba, maana alama za mapezi zitakuwa zimefutika na dereva wa katapila hana namna nyingine ya kujua.